KUUNDA PRIAMPLIFAYA YA SANTURI NA KUIPIMA KWA IMLA

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Hebu chukua santuri ya miaka ya 1960, ya Daudi Kabaka au ya Fadhili William kwa mfano. Iweke kwenye mashine ya santuri yenye kichwa cha sumaku, kisha uchomeke waya wake moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la redio ya siku hizi. Utasikia nini? Karibu hutasikia kitu. Ukiifungulia redio sauti hadi mwisho utapata kijisauti chembamba kama cha mbu aliyefungiwa chupani: ngoma hazipo, gitaa la besi limekwenda likizo, na mwimbaji amebaki na "s" na "sh" tupu. Santuri haina kosa na mashine haina kosa. Kinachokosekana ni kifaa kidogo cha katikati kiitwacho priamplifaya, yaani kikuzaji cha awali, ambacho zamani kilikuwa ndani ya amplifaya nyingi na sasa katika redio nyingi hakimo.

Najua wapo watakaouliza, "Chama cha Kiswahili na mambo ya transista ni wapi na wapi?" Swali zuri. Mzazi mmoja alituletea kasha la santuri kuukuu za Kiswahili kwa sharti moja: tunakili maneno ya nyimbo zote daftarini, kisha tumrudishie kasha lake. Kunakili maneno si mchezo. Katika lugha yetu herufi moja hugeuza maana nzima. Thamani si samani. Shaba si saba. Shina si sina. Ikiwa kifaa kinachokuza sauti kitazivuruga herufi hizo, basi daftari letu litakuwa la uongo, na atakayelisoma miaka ishirini ijayo, wakati santuri zenyewe zimekwisha kuvunjika, hatakuwa na njia ya kujua. Ndiyo sababu tulimwendea mwalimu wa Fizikia, naye akatuambia, "Kuunda ni siku mbili. Kujua kama mlichounda kinasema kweli ndiko kazi."

KWA NINI SANTURI HAISEMI KAMA ILIVYOIMBWA

Sindano ya mashine hutembea ndani ya mfuo wa santuri, ikitikisika kushoto na kulia. Katika kichwa cha sumaku, mtikisiko huo husogeza kijisumaku kidogo mno karibu na koili ya waya, na umeme huzaliwa kwenye koili, sawasawa na tulivyofundishwa darasani kuhusu jenereta. Lakini umeme wenyewe ni kiasi cha milivolti 5 tu. Redio inataka milivolti mia kadhaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya priamplifaya ni kukuza, na hiyo kila mtu anaielewa.

Kazi ya pili ndiyo iliyofichika. Sauti nzito, kama ya ngoma kubwa, zingechongwa jinsi zilivyo zingeifanya sindano iyumbe mno, mifuo ingegongana, na santuri ingebeba wimbo mfupi. Sauti nyembamba nazo, jinsi zilivyo, zingemezwa na mkwaruzo wa plastiki. Kwa hiyo wachongaji hupunguza sauti nzito na kuzidisha zile nyembamba kabla ya kuchonga. Anayesikiliza anapaswa kufanya kinyume chake: aziongeze zile nzito na kuzipunguza zile nyembamba, kwa kipimo kile kile kilichotumika kuchongea. Mwanzoni kila kampuni ilikuwa na kipimo chake, vurugu tupu, hadi mwaka wa 1954 chama cha watengenezaji santuri cha Marekani, RIAA, kilipoweka kipimo kimoja ambacho dunia nzima ilikuja kukifuata.

Kipimo hicho huelezwa kwa nyakati tatu: maikrosekunde 3180, 318 na 75. Nyakati hizo huleta matokeo ya kushangaza. Ukichukua sauti ya hezi 1000 kama kigezo, sauti ya hezi 100 lazima ikuzwe mara nne na nusu zaidi ya kigezo, na ile ya hezi 10,000 ikuzwe sehemu moja tu kwa tano ya kigezo. Ukitumia kikuzaji kisicho na mpindo huo, kama kile cha maikrofoni, utapata kelele nyingi lakini kinanda kitalia kama bati. Na hapa ndipo herufi zetu zinapoingia. Tofauti ya "s", "sh", "th" na "f" inakaa zaidi katika mawimbi ya juu, mengi yakiwa zaidi ya hezi 3000. Simu za zamani zilikuwa zikipitisha kati ya hezi 300 na 3400 tu, na ndiyo maana wazee walizoea kutaja jina herufi kwa herufi kwenye simu: "S ya samaki, F ya fisi." Yaani priamplifaya iliyokosea mpindo kule juu inaweza kumfanya mwimbaji awe na kithembe ambacho hakuzaliwa nacho.

VIFAA

Priamplifaya yetu haina vali za kioo za kupashwa moto kama za redio za mababu. Yote ni ya vipande vya silikoni, jamii ya transista, ile iliyozaliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwezi wa Desemba 1947. Badala ya kuunganisha transista mojamoja tulitumia chipu yenye miguu minane, NE5532, ambayo ndani yake mna vikuzaji viwili kamili. Chipu hii imetumika katika meza nyingi za studio. Wanaokaa karibu na Nairobi watapata vipande vyote kwenye maduka ya Luthuli Avenue. Huko kwingine, fundi wa redio mjini kwenu aghalabu anavyo au anaweza kuagiza.

Nitaeleza upande mmoja tu, maadamu upande wa pili ni nakala yake. Santuri nyingi za aina hii ni za mono, kwa hiyo hata upande mmoja unatosha.

Tuanze na umeme. Tunatumia betri mbili za volti 9. Unganisha chanya ya betri moja na hasi ya nyingine. Kiungo hicho ndicho sifuri yetu, na waya zote za "ardhi" zinakwenda hapo. Chanya iliyobaki inaingia mguu wa 8, hasi iliyobaki inaingia mguu wa 4. Kutoka kila mmoja wa miguu hiyo weka kapasita ya nanofaradi 100 hadi sifuri, tena karibu kabisa na chipu, si kule mwisho wa ubao. Bila kapasita hizo chipu huweza kuanza kulia yenyewe kwa mawimbi tusiyoyasikia.

Umeme wa sindano unapitia kapasita ya mikrofaradi 1 na kuingia mguu wa 3. Kutoka mguu wa 3 hadi sifuri kuna resista ya omu 47,000. Namba hii si ya kuchagua upendavyo: vichwa vya sumaku hutengenezwa vikitarajia mzigo huo, na ukiubadilisha, sauti za juu ndizo zinazoathirika kwanza.

Sasa kitovu cha kazi, mrejesho. Kutoka mguu wa 1, ambao ni mlango wa kutokea, tunarudisha sehemu ya sauti hadi mguu wa 2 kupitia mafungu mawili yaliyofuatana. Fungu la kwanza ni resista ya omu 82,000 na ya omu 5,600 zilizofuatana, na sambamba nazo kapasita za nanofaradi 33 na 3.3. Fungu la pili ni resista ya omu 7,500 sambamba na kapasita ya nanofaradi 10. Ukikosa ya 7,500 usihangaike, weka mbili za 15,000 sambamba. Kisha kutoka mguu wa 2 hadi sifuri weka resista ya omu 220 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 220.

Toa kalamu, tuhesabu. Fungu la kwanza: omu 87,600 mara nanofaradi 36.3 ni maikrosekunde 3180. Fungu la pili: 7,500 mara nanofaradi 10 ni maikrosekunde 75. Ile ya tatu inapatikana kwa mafungu yote mawili pamoja: 87,600 sambamba na 7,500 ni kama omu 6,908, na kapasita zote zikijumlishwa ni nanofaradi 46.3. Ukizidisha unapata maikrosekunde 320, nasi tulitaka 318. Kwa vipande vya dukani hiyo ni karibu kuliko tulivyotarajia. Kwenye hezi 1000 mafungu hayo yanapinga umeme kwa kiasi cha omu 9,660. Gawa kwa 220 upate 44. Kwa hiyo milivolti 5 zinatoka zikiwa kama 220. Kwenye hezi 20 ukuzaji unafika mara 400, na kwenye hezi 20,000 unashuka hadi kama mara 5. Chipu yenyewe haijui lolote kuhusu santuri. Inachofanya ni kuhakikisha mguu wa 2 unafuata mguu wa 3, na vipande vya mrejesho ndivyo vinavyoamua sauti itakuwaje. Kwa sababu hiyo pesa ziende kwenye resista za asilimia 1 na kapasita nzuri za plastiki kabla hujatamani chipu ya bei.

Mwisho, kutoka mguu wa 1 weka resista ya omu 100, halafu kapasita ya mikrofaradi 10, halafu tundu la kutokea, na kati ya tundu na sifuri weka resista ya omu 100,000. Upande wa pili wa chipu ni hivyo hivyo: mguu wa 5 unaingia, wa 6 unapokea mrejesho, wa 7 unatoa.

Lehemu kwenye ubao wa vitundu wenye mistari ya shaba, na utie kikalio cha miguu minane badala ya kulehemu chipu yenyewe. Utaona faida yake baadaye. Mara ya kwanza unapowasha usiunganishe redio. Chukua meta: mguu wa 8 uonyeshe volti 9, wa 4 uonyeshe hasi 9, na miguu ya 1 na 7 iwe karibu na sifuri, makumi machache ya milivolti hivi. Ukikuta mguu wa 1 umekwama kwenye volti saba au nane, mrejesho umekatika mahali. Tafuta tone la lehemu lisiloshika.

Neno kuhusu mngurumo. Umeme wa ukutani hapa kwetu ni wa hezi 50, na kwa mpindo wa RIAA hezi 50 hukuzwa karibu mara saba zaidi ya hezi 1000. Kila kijimngurumo kitakachopenya kitarudi kikiwa jitu. Betri zimetuokoa nusu ya vita. Nusu nyingine ni mkebe wa bati wa biskuti: weka ubao ndani, funga kifuniko, na uunganishe bati na sifuri mahali pamoja tu. Mashine nyingi za santuri zina uzi wa peke yake wa ardhi. Huo nao ufungwe kwenye mkebe. Na kabla ya yote hakikisha kichwa chako ni cha sumaku kweli. Mashine nyingi ndogo za mkoba zina kichwa cha aina ya kauri kinachotoa umeme mwingi zaidi, na hizo hazihitaji kifaa hiki kabisa.

SASA, INASEMA KWELI?

Siku ya kwanza kifaa kilipolia, chumba kizima kilishangilia. Wimbo ulitoka na besi yake, na mlezi wa chama akatikisa kichwa kwa furaha. Naam, shangwe ilistahili, ila shangwe si kipimo. Mwenye kukesha akilehemu atasikia utamu hata kama haupo, kama mama anavyosikia mwanawe tu katika kwaya nzima.

Katika stoo ya shule mlikuwa na amplifaya kongwe yenye tundu la santuri. Tukazicheza mbili, yetu na ile kongwe, moja baada ya nyingine. Karibu kila mtu alisema ile kongwe ni bora: ina "nguvu", ina "uhai", maneno "yanasimama". Mwalimu hakubisha. Alichukua simu yenye mlio wa hezi 1000, akaupunguza kwa resista mbili, ya omu 10,000 na ya omu 100, ili mlio uwe mdogo kama wa sindano, akaupitisha kwenye kila moja na kusoma meta yenye uwezo wa kupima milivolti za AC. Ile kongwe ilikuwa inatoa kama asilimia 20 zaidi. Basi. "Uhai" wote ule ulikuwa kipimo cha meta.

Sikio lina tabia hii, na ni vyema kila mwanafunzi aijue: tofauti ndogo ya ukubwa wa sauti halitambui kama ukubwa, bali kama ubora. Tofauti ya desibeli 1, ambayo ni kama asilimia 12 ya volti, yatosha kumfanya mtu aseme hii ni safi na ile ina ukungu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vifaa viwili, visawazishe hadi viwe ndani ya desibeli 0.1, yaani asilimia 1 hivi ya volti. Tuliweka kizungusho cha omu 10,000 kwenye mlango wa kutokea wa ile yenye kelele zaidi na kuishusha hadi meta ikasema sawa kwa sawa.

Kisha tukafunga swichi ya miguu sita, ambayo hubadilisha wa kuingilia na wa kutokea kwa pigo moja. Mbadilishaji alikaa nyuma ya ubao mweusi na sarafu ya shilingi kumi: simba ikijitokeza ni kifaa cha kwanza, nembo ya taifa ni cha pili. Swichi hutoa mlio wa "tap", kwa hivyo hata pale sarafu ilipomwambia abaki alipo, aliigonga mara mbili ili wasikilizaji wasipate dokezo. Raundi kumi. Kila msikilizaji aliandika kimya kimya ni kifaa gani.

Hesabu ya sarafu haina huruma. Anayebahatisha tu hupata 7 au zaidi kati ya 10 kama mara moja katika watu sita, kwa hiyo 7 si ushahidi wa kujivunia. Kupata 9 au 10 kwa kubahatisha ni nafasi 11 katika 1024. Hapo ndipo tunaanza kumwamini mtu. Mwenzetu aliyekuwa ameisifu ile kongwe kwa maneno mengi kuliko wote alipata 4. Hakuna aliyepita 7. Alikasirika kidogo, akadai kwamba ubao mweusi uliharibu sauti, tukampa raundi nyingine kumi bila ubao, macho yake yamefungwa kwa skafu. Akapata 5.

IMLA

Hata hivyo, kusema "hatuwezi kuzitofautisha" si sawa na kusema "zote zinasema kweli". Huenda zote mbili zinakosea kwa namna moja. Hapa ndipo Chama cha Kiswahili kilipomfundisha mwalimu wa Fizikia kitu. Tulitumia imla.

Tuligawana makundi mawili ya watu wanne. Tukachagua wimbo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeujua. Sharti hilo ni la lazima, kwa sababu wimbo unaoujua hausikii, unaukumbuka. Jaribu "Malaika" uone, hata ukiupiga kwenye bomba la maji utayaandika maneno yake yote. Kundi la kwanza lilisikiliza ubeti mmoja kupitia priamplifaya yetu, kila mtu akaandika peke yake bila kunong'onezana. Kundi la pili lilisikiliza ubeti huo huo kupitia kikuzaji cha maikrofoni kisicho na mpindo wa RIAA, sauti ikiwa imesawazishwa kwa meta. Ubeti uliofuata makundi yakabadilishana, wasije watu wenye masikio mazuri wakawa wote upande mmoja.

Je, utasahihishaje imla ambayo mwalimu mwenyewe hana majibu yake? Tulihesabu maneno ambayo watu wote wanne wa kundi waliyaandika sawasawa. Wakiandika wanne neno moja, kifaa kimelipitisha. Wakiandika wanne maneno manne, kuna kitu kimelimeza. Si kipimo kamili, kwani wanne wanaweza kukosea pamoja, hasa ikiwa wote wanatoka sehemu moja na mwimbaji ana lafudhi ya pwani. Lakini kina heshima kuliko kusema "ni tamu".

Tofauti ilikuwa wazi bila haja ya sarafu. Kwa kikuzaji cha maikrofoni, kila sauti ya kukwaruza ilikuwa moja: mahali pamoja tulipata "samani", "thamani", "shamani" na nafasi tupu, kutoka kwa watu wanne. Kwa priamplifaya yetu wote wanne waliandika "thamani". Kilichotushangaza ni kwamba hata "m" na "n", ambazo si za juu, zilinufaika; mkwaruzo wa juu uliozidishwa ulikuwa unazifunika. Kati ya yetu na ile kongwe, imla ilitoka karibu sare, nasi tukaridhika.

Sasa kile kikalio. Kuna chipu nyingine, TL072, ambayo ina mpangilio ule ule wa miguu, unachomoa hii unachomeka ile. Ina kelele zaidi yake yenyewe, kama nanovolti 18 kwa kila kizio cha mzizi wa hezi, ilhali NE5532 ina kama 5, lakini hula umeme kidogo: miliampea 3 hivi badala ya 8. Wenye ubishi wakaapa kwamba wangezitambua usingizini. Wimbo ukichezwa, hakuna aliyezitambua. Mkwaruzo wa santuri yenye umri wa miaka sitini hufunika vyote viwili. Tulipoinua sindano na kupandisha sauti karibu mwisho, hapo kila mmoja alizitambua bila shida kwa mvumo wake, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo mbali. Kwa kazi yetu ya kunakili maneno tumebaki na TL072, kwa sababu betri zinadumu. Mwenye santuri mpya safi na spika nzuri achague NE5532. Huo ni uamuzi wangu na mwalimu hakukubaliana nao. Yeye anasema betri si kitu, kelele ni kelele.

Jambo moja zaidi kabla ya kuandika neno lolote daftarini: osheni santuri. Maji safi, tone la sabuni ya maji, kitambaa laini kufuata mfuo na si kuukata, halafu ikauke kivulini. Lebo ya karatasi isilowe. Kuna "s" tuliyokuwa tukibishania kwa juma zima, ambayo kumbe ilikuwa vumbi.

Ndani ya kasha kumebaki santuri mbili nzito za mizunguko 78 kwa dakika, za kizazi cha zile alizorekodi Siti binti Saad alipovuka bahari hadi Bombay mwaka wa 1928. Hizo hatujazigusa. Mfuo wake ni mpana mara tatu hivi kuliko wa santuri za baadaye, na sindano yetu nyembamba ingetambaa chini kabisa kwenye takataka badala ya kushika kuta. Tena zilichongwa kabla ya kipimo cha 1954, kwa hiyo mafungu mawili ya mrejesho niliyoyaeleza yangezipindua vibaya. Zinataka sindano yake, na fungu la mrejesho linalobadilishwa kwa swichi ili tujaribu vipimo mbalimbali, imla baada ya imla, hadi waandishi wanne waandike neno moja. Wa Kidato cha Tatu wanaotaka kuchukua kazi hiyo, mchoro wa saketi uko kwenye kabati la chama, na mkebe wa biskuti wa pili umeshapatikana.